Waini nyeupe ya Kifaransa, kali, haina sukari, chini ina chenga zinazong'aa. Imeharibika au ndivyo ilivyo?

Mama Rau (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni wanaojua waini wanisaidie kabla ya Jumamosi.

Nina vyumba vya kulala wageni huku Rau. Wengi wanaonifikia ni watu wa mlimani, wanalala kabla ya kupanda na wanarudi kuoga wakishuka. Majuzi nilikuwa na mama mmoja wa Kifaransa na mumewe, watu wazima, wamekuja na chupa mbili za waini nyeupe kutoka kwao, wamezivingirisha ndani ya masweta. Nia yao wakishuka salama wazifungue pale uani. Yule baba akashuka tumbo limevurugika, hataki hata chai, na ndege yao ni kesho yake. Wakaniachia zote mbili. Yule mama akanieleza kwamba anayezitengeneza ni jirani yao, mkulima mdogo, anachuma zabibu kwa mkono na "hatii dawa". Hilo la dawa alilirudia sana.

Lebo imeandikwa Muscadet Sèvre et Maine, halafu pembeni sur lie. Asilimia 12. Kizibo ni cha kuvuta.

Juzi nikafungua moja na mdogo wangu. Wakuu, mimi nimezoea zile nyeupe za Afrika Kusini tunazokuta madukani, zina utamu wake. Hii haina sukari hata ya kusingiziwa. Rangi imefifia, karibu na maji. Ukali wa limao unabana mashavu, mwishoni inaacha chumvichumvi, na ncha ya ulimi inachonyota kidogo ingawa si waini ya povu. Kunusa sikupata tunda la maana, nilipata ganda la limao na unga wa maandazi uliolala umekandwa. Mdogo wangu akasema imechacha, mwaga. Sikumwaga, nilikunywa.

Tulipokaribia chini ya chupa ndipo nikashtuka. Kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna chenga zinang'aa kwenye taa. Mawazo yangu ya kwanza ni kwamba chupa imemeguka ndani. Nikatoa moja kwa kijiko, nikaibana kwa kucha, ikapondeka. Kioo hakipondeki. Nikaigusisha ulimini, chachu kabisa.

Sasa Jumamosi mashemeji zangu wanashuka kutoka Arusha kwa kikao cha familia, na mmoja wao akishika glasi huwa anaizungusha kwanza na kuitazama kwenye dirisha. Chupa ya pili niitoe au niifiche? Iko stoo ya nyuma, sakafuni, gizani. Na kama ni ya kutoa, inaliwa na nini?

Dogo wa Sakina

Chenga zinang'aa? Mama, zipeleke Mirerani kwanza. Zikiwa na ubluu usitangaze humu.

Mzee wa Stoo (Arusha)

Dogo, ushindwe.

Mama Rau, tulia. Kwa maelezo hayo waini yako ni nzima, na umeieleza vizuri kuliko wengi wanaovaa tai. Nimefanya kazi stoo za vinywaji za hoteli hapa Arusha tangu nikiwa na nywele, nitakueleza moja moja.

Chenga zile ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe. Zabibu ina asidi iitwayo tatariki na ina potasiamu. Mvinyo ukipata baridi, viwili hivyo vinashikana na kutuama. Ukishaweka chupa kwenye friji siku kadhaa, zinaweza kujitokeza hata kama hazikuwepo. Ni kitu kilekile ambacho waokaji keki wananunua kama unga mweupe wa kuumulia ute wa mayai. Viwanda vikubwa vinaupoza mvinyo hadi chini ya sifuri kwa siku kadhaa ndani ya tangi ili chenga zibaki huko, mteja asizione. Mkulima mdogo haoni sababu ya kuchoma umeme kwa ajili ya macho ya mteja. Hazina madhara, ila zinakwaruza meno.

Ule ukungu ni hamira iliyokufa. Hapo ndipo penye maana ya yale maneno ya lebo, sur lie, yaani juu ya machicha. Muscadet inatoka magharibi ya Ufaransa, karibu na mji wa Nantes, pale mto Loire unapokaribia Atlantiki. Sèvre na Maine ni mito miwili midogo ya hapo. Zabibu yake ni moja tu, inaitwa Melon de Bourgogne, na usiichanganye na Muscat yenye harufu ya maua, hazina undugu wa ladha. Melon kwa asili ni zabibu pole, haina harufu ya kupiga kelele. Wakulima wa kule wakaigundulia njia: baada ya kuchachuka, mvinyo hautolewi juu ya machicha yake. Unaachwa umekaa hapohapo juu ya hamira majira yote ya baridi, na sheria inakataza kuutia kwenye chupa kabla ya Machi. Matangi ya jadi ya huko ni ya zege, yamechimbiwa ardhini, ndani yamewekwa vigae vya kioo, kwa hiyo mbao hazigusi kitu. Hamira inapokufa inamomonyoka polepole na kuachia vitu vyake ndani ya mvinyo. Ndio huo unga wa maandazi uliounusa. Na kwa kuwa haujahamishwahamishwa kutoka tangi hili kwenda lile, gesi kidogo ya uchachushaji inabaki imenaswa humo. Ndiyo iliyokuchonyota ulimi.

Sasa huo ukavu ambao mdogo wako ameuita kuchacha. Mvinyo ni mkavu pale hamira inapokula sukari yote ya zabibu na kuigeuza pombe. Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na unaruhusiwa kupanda hadi 9 kama asidi ni nyingi ya kutosha. Soda ya kawaida inakaribia 100. Ulimi uliolelewa na soda ukikutana na hii lazima upige kelele.

Na hapa naomba usikilize vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Yule mama anajisifu kwamba jirani yake hatii dawa. Sawa, lakini mvinyo usio na dawa unalindwa na nini? Huu wako unalindwa na ukavu na ukali wake. Hamira au bakteria wowote waliobaki humo hawana sukari ya kula. Asidi nyingi inawabana. Hata ile salfa kidogo, kihifadhi cha mvinyo, ambayo huenda jirani ameweka inafanya kazi kubwa zaidi kwenye mvinyo mkali kuliko kwenye mvinyo laini. Angeuacha na utamu bila kuuchuja na bila salfa, chupa yako ingeanza kuchachuka upya kwenye joto la Moshi na kizibo kingekurukia usoni. Kwa hiyo hicho mnachokilaumu ndicho kilichouleta salama kutoka Ufaransa ndani ya sweta.

Chupa ya pili itoe. Ila isikae hapo stoo hadi Februari. Moshi mna joto, na mvinyo wa namna hii adui yake ni joto kuliko kitu kingine chochote.

Mangi wa Kibosho

Mzee wa Stoo shikamoo. Nimeyapokea yote isipokuwa hilo la "hatii dawa". Mimi ni mkulima wa kahawa, nimerithi kihamba, shamba la ukoo, na mkulima akiniambia hapigi dawa namuuliza mvua za masika kwake zinanyesha au hazinyeshi.

Sisi huku bila kupiga mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, ugonjwa wa chulebuni unakausha punje zikiwa kijani na kutu inapukutisha majani. Bomba mgongoni, mikono inabaki ya bluu hadi Jumapili kanisani. Ndiyo maana wengi tumehamia miche ya utafiti wa Lyamungu, ile inayohimili magonjwa. Nimesoma kwamba mizabibu nayo inaugua ukungu vibaya sana. Na hao Wafaransa wa karibu na bahari, mvua wanayo. Sasa zabibu zinaponaje?

Lingine, kuhusu ukungu kwenye chupa. Mama Rau, wewe ni wa Moshi. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, umeikuta na machicha yake tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuishika kwenye dirisha kuangalia kama inapitisha mwanga. Kwa nini Mfaransa akituletea chenye machicha tunakimbilia kuuliza?

Mzee wa Stoo

Marahaba Mangi. Umenishika pazuri.

Kupiga wanapiga. Kilimo hai cha Ulaya kinaruhusu shaba na salfa, kwa kipimo: shaba isizidi kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Wamewekewa mpaka kwa sababu shaba haiozi, inajilimbikiza kwenye udongo na minyoo haiipendi. Kinachokatazwa ni dawa za viwandani zinazoingia ndani ya mmea, pamoja na dawa za kuua magugu. Kwa hiyo "hatii dawa" ya yule mama ifasiri hivi: hapulizi za viwandani shambani, na kiwandani kwake hatii hamira ya pakiti wala vikorombwezo vingine.

Halafu huo mrututu wenu chimbuko lake ni hukohuko kwenye zabibu. Ukanda wa Bordeaux, wakulima wa Médoc walikuwa wakiipakaza mizabibu ya kando ya barabara shaba na chokaa ili ionekane ya kutisha, wapita njia wasiibe zabibu. Profesa mmoja, Millardet, akapita hapo mwaka 1882 akaona mizabibu ya barabarani ina majani mazima, ya katikati ya shamba imeliwa na ukungu. Akafanya majaribio, akatangaza mchanganyiko wake 1885. Kwa hiyo mikono yako ya bluu kanisani asili yake ni wezi wa zabibu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi ya kilimo hai. Wanafuata mafundisho ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924: wanajaza pembe ya ng'ombe kinyesi cha ng'ombe, wanaifukia majira ya baridi yote, wanaifukua, wanakoroga kidogo kwenye maji kwa saa nzima na kunyunyiza shambani. Nicolas Joly, mtengeneza mvinyo wa Savennières, hukohuko Loire lakini juu zaidi, ndiye aliyelifanya hilo lijulikane sana kwa watu wa mvinyo. Mimi la pembe siliamini, lakini mashamba yao nimeyaona kwenye picha na udongo wao una uhai. Huenda ni kwa sababu mtu anayekoroga ndoo saa nzima hawezi kuwa mkulima mvivu.

Mangi wa Kibosho

Fukia pembe kwenye kihamba huku Kibosho uone kama jioni hujaitwa kwa mjumbe.

Neema wa Njiro

Samahanini wazee wangu, mimi nipingane kidogo. Nimekuwa mhudumu kwenye mgahawa wa watalii hapa Arusha (jina nabaki nalo), na hizi za "asili" zimenitoa jasho. Kuna moja nyeupe tuliletewa, ina ukungu hadi juu ya chupa. Mgeni akanusa, akasema safi. Akameza. Nikageuka kuondoka, akaniita amekunja uso: anasema ina panya. Nikanusa glasi, sikupata panya. Meneja akanusa, hakupata. Mgeni akakasirika anaona tunamfanya mwongo, na bili ikaishia kwangu. Sasa mkisema machicha ni kawaida, chachu ni kawaida, kuchonyota ni kawaida, basi mbovu itajulikanaje? Naona mtu akishaandika "asili" hawezi tena kukosea.

Mzee wa Stoo

Neema, mgeni wako alisema kweli, na wewe na meneja mlisema kweli. Pole kwa bili.

Hiyo ni kasoro kabisa, na hata Ulaya wanaiita ya panya. Inaletwa na bakteria, na wakati mwingine hamira za porini, mvinyo unapokosa salfa na kupata hewa. Ubaya wake hainuki kwenye glasi, kwa sababu asidi ya mvinyo inaifungia chini. Ukimeza, mate yanapunguza ile asidi mdomoni, na baada ya sekunde kadhaa ndipo inapanda: kizimba cha panya, au uji wa mahindi uliochacha. Na wako watu ambao hawaisikii kabisa, wanakunywa hadi mwisho wanashukuru. Kwa hiyo ukitaka kuupima mvinyo wa aina hii, usinuse tu. Meza kidogo, nyamaza, hesabu hadi thelathini.

Na uko sahihi kwamba hilo neno "asili" limefichia wavivu. Ulaya kwa ujumla hakuna sheria inayosema mvinyo wa asili ni upi. Ufaransa mwaka 2020 ndipo walipokubaliana na mamlaka juu ya alama moja, Vin Méthode Nature: zabibu za kilimo hai zenye cheti, zichumwe kwa mkono, zichachuke kwa hamira zilizokuja nazo toka shambani, pasiongezwe kitu, na salfa kama ipo isizidi miligramu 30 kwa lita. Linganisha na sheria ya kawaida: mvinyo mweupe mkavu unaruhusiwa hadi 200, na wa kilimo hai hadi 150. Sifuri kamili ni ngumu kuipata maana hamira yenyewe inazalisha salfa kidogo. Ndiyo sababu hata chupa za hawa mabwana wa asili nyingi utakuta zimeandikwa kwamba zina salfaiti. Ikizidi miligramu 10 lazima iandikwe.

Mimi siwalaumu wanaotia salfa. Mzee mmoja wa Beaujolais, Jules Chauvet, ndiye ambaye watu wa mvinyo wa asili wanamhesabu kama babu yao. Alifariki 1989. Alikuwa mkemia, mtu wa darubini na vipimo. Kuacha salfa kwake kulihitaji zabibu zisizo na doa, usafi wa vyombo uliopitiliza na ubaridi. Wajukuu wengine wamechukua kuacha, vipimo wamewaachia wengine.

Muscadet bahati yake ni kwamba ukanda ule hauna fedha za kufanyia mbwembwe. Kwa miaka mingi ilikuwa waini ya bei ya chini ya kunywea chaza, mashine zinavuna, hamira ya pakiti, basi. Wachache ndio waliokwenda kinyume. Guy Bossard wa Domaine de l'Écu aliingia kilimo hai miaka ya 1970, wakati majirani zake wanapiga dawa za magugu hadi kwenye mitaro. Jo Landron, yule mwenye masharubu, ana moja ameipa jina la mwamba ulio chini ya shamba, Amphibolite, anaichuma mapema, inakuwa nyepesi kwa pombe. Mkulima wa namna hiyo si rahisi akuletee panya, maana mvinyo wenyewe umekaa tuli juu ya machicha ya hamira yanayonyonya hewa. Ile hamira iliyokufa nayo ni kinga.

Makutupora Boy

Nawasalimu kutoka Dodoma. Mnaenda mbali. Huku kwetu tuna zabibu nyeupe ya Chenin, na hiyo nayo kwao ni hukohuko Loire, ndiyo inayotoa hizo Savennières alizotaja mzee. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Kavu zinatengenezwa. Tatizo ni wateja, kila mtu akija anaulizia tamu.

Mama Rau

Nimesoma yote, nimemsomea na mdogo wangu, amenyamaza. Nimefanya ile ya kumeza na kuhesabu kwa kile kidogo kilichobaki kwenye friji. Hakuna panya. Na ladha leo imetulia kuliko juzi, ule ukali umelainika na chumvi imezidi kujitokeza.

Mangi, swali lako la mbege limenikaa. Mbege ikilala siku ya pili tunajua imekwisha, tunaiacha. Hii imewezaje kulala?

Mzee wangu, sasa nielekeze ya Jumamosi. Ipoe kiasi gani, na niweke nini mezani? Nilikuwa na mawazo ya mbuzi na ndizi.

Mzee wa Stoo

Mbege haina asidi wala pombe ya kutosha kujitetea, na bakteria wake wako kazini hadi dakika unayoinywa. Utamu wa ulezi ulioota bado umo. Mvinyo mkavu umeshamaliza vita yake. Mangi atanisahihisha kama msesewe, lile gome la mti linalotiwa kwenye mbege, unasaidia kuishikilia, naona watu wanausifia uchungu tu.

Jumamosi. Mbuzi wape bia. Nyama nyekundu yenye mafuta mengi itaifuta hii yote, mtabaki mnakunywa maji ya limao. Muscadet ni ya samaki. Watu wa Nantes wanainywa na chaza wabichi, na ile chumvi ya mwisho uliyoisikia inakaa vizuri na kitu cha majini. Wewe huna bahari, una Nyumba ya Mungu. Tafuta perege, wachanje, chumvi na limao kidogo tu, wakaange wakauke ngozi. Ukali wa mvinyo utakata mafuta ya kukaangia, kazi ambayo kwa kawaida mngempa limao. Pilipili iwe pembeni, kila mtu ajitilie, maana ikiwa kali sana mvinyo unageuka mchungu. Kachumbari punguza siki. Ndizi za kuchemsha sawa, na mtori pia sawa ingawa hakuna Mfaransa atakayekubaliana nami.

Chupa isimamishe wima kuanzia Ijumaa asubuhi kwenye friji ili machicha yatuame. Itoe robo saa kabla ya kumimina. Nyuzi 8 hadi 10 ndipo pake. Ikiwa ya barafu kabisa hamtasikia kitu zaidi ya ubaridi, na wageni wasiwekewe vipande vya barafu hata wakiomba. Mimina taratibu bila kurudisha chupa wima kila mara, simama ukifika kidole kimoja toka chini. Au hicho kidole mpe yule shemeji wa dirishani, umwambie ndipo penye hamira, aeleze.

Ikibaki, rudisha kizibo, friji, siku tatu hadi nne. Na ukipenda, chukua glasi moja kabla hawajafika, uichemshe na vitunguu vidogo vilivyokatwa laini hadi vikaribie kukauka, kisha punguza moto na utumbukize siagi baridi vipandevipande huku unakoroga. Isichemke tena, itakatika. Ndio mchuzi wa Nantes wenyewe, wanawamwagia samaki wa mtoni. Perege atapendeza.

Mama Rau

Siagi ninayo, vitunguu vidogo vile vyekundu vipo sokoni. Perege wabichi ndio shida, wa hapa mjini siku nyingine wameshakaa.

Mangi wa Kibosho

Msesewe unachelewesha kidogo kuchacha, mzee, lakini si kwa kiasi cha kujivunia. Mama Rau, kijana wangu anashuka Nyumba ya Mungu Alhamisi na gari la mkaa. Kama hawajafunga uvuvi, atakuchukulia. Unataka wangapi?

Mama Rau

Kumi, wa kati, wasiotolewa magamba. Nakufuata inbox tuongee bei.

Dogo wa Sakina

Na mimi niko Arusha, nashuka na mashemeji?